Anzia Pale Ulipo: Mlinganyo wa Mstari kwa Nukta na Mwinamo

Asanteni sana walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu mliokaa majanini kwa kuwa viti vimetuishia.

Wengi wenu asubuhi hii mmepanda kutoka Mombo. Kule chini vioo vya gari vilikuwa wazi. Mlipofika Soni kuna mtu akaomba dirisha lifungwe, na mlipoingia hapa Lushoto mkaanza kupekua mikoba kutafuta sweta. Barabara ile ni kama kilomita 33, na kwa kimo tumepanda takriban mita 1,000. Mombo iko kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, hapa tuko kwenye 1,400 hivi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo kama Mombo saa moja asubuhi ilikuwa nyuzi 24, hapa mngetarajia nyuzi 17 na nusu. Mmeipata hesabu hiyo bila kalamu.

Sasa angalieni mlivyoipata. Mlianza na joto la Mombo, mkakumbuka joto linashuka kwa kasi gani, mkajiuliza mmepanda kiasi gani kutoka Mombo, mkatoa. Hakuna aliyesema: ngoja kwanza niteremke mpaka ufukweni Tanga, nijue joto la pale kimo kilipo sifuri, halafu ndipo nianze kupanda upya hadi Lushoto. Hakuna mwenye akili timamu anayefanya hivyo.

Lakini darasani ndivyo tunavyowafundisha watoto wafanye.

Tukimpa mtoto nukta moja na mwinamo, yaani kiasi cha kupanda au kushuka kwa kila hatua, tukamwambia aandike mlinganyo wa mstari, tunamlazimisha aandike y = mx + c, halafu aanze kuitafuta c. Na c ni nini? Ni mahali mstari unapoukata mhimili wa wima, pale x ilipo sifuri. Ni kumpeleka ufukweni kwanza. Wakati mwingine safari hiyo ina faida, kwa mfano pale x inapohesabu siku na sifuri ndiyo siku ya kwanza. Mara nyingi haina. Leo nataka kuzungumzia njia nyingine ya kuuandika mstari, njia inayoanzia pale ulipo. Imo vitabuni, mnaijua, ila tunaipita haraka mno:

y − y₁ = m(x − x₁)

Hapo y₁ na x₁ ni namba za nukta unayoijua, na m ni mwinamo. Nasema mwinamo, ingawa kuna vitabu vinavyosema mteremko. Mteremko kwa mtoto wa milimani ni kushuka tu, na ukimwambia mstari unaopanda una mteremko wa 3 atakutazama kwa mashaka, na ana haki.

Niwaeleze nilikojifunzia jambo hili, maana sikulijifunzia shuleni. Shuleni nilikariri.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi bomba. Likizo nikiwa kidato cha pili nilimfuata kazini kumsaidia kuchimba mtaro wa bomba la choo, bomba la inchi 4, kutoka nyumbani hadi kwenye shimo. Kazi ile ina sharti moja kubwa: bomba liiname sawasawa. Likilala mno, uchafu unatulia njiani na bomba linaziba. Likisimama mno, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma, nalo linaziba vilevile. Kanuni ya mafundi kwa bomba la inchi 4 ni moja kwa arobaini. Ukienda sentimita 40, shuka sentimita 1. Kwa bomba la inchi 6 ni moja kwa sitini. Kwa hiyo letu la inchi 4 lilipaswa kushuka sentimita 2 na nusu kila mita.

Baba mdogo alikuwa na ubao ulionyooka wa mita 1. Upande mmoja, kwa chini, alikuwa amepigilia kijibao chenye unene wa sentimita 2 na nusu kamili. Alikipiga randa mwenyewe, akakipima kwa futi mara tatu kabla ya kukipigilia. Basi analaza ubao ndani ya mtaro, kijibao kikielekea shimoni, anaweka pimamaji juu yake. Povu likikaa katikati, sakafu ya mtaro ina mwinamo sahihi pale. Likihama, ananiambia: "Toa kidogo hapo," au "Rudisha udongo, shindilia." Kisha anausogeza ubao mita moja mbele. Povu, koleo, ubao. Povu, koleo, ubao. Tulikwenda hivyo mchana kutwa.

Wanangu, kile kijibao ndiyo m. Niliishika m mkononi. Ilikuwa na harufu ya msonobari na vichwa viwili vya misumari.

Vipimo vyote tulivichukua kuanzia kona ya nyumba. Tundu la choo lilikuwa mita 3 kutoka kona, na bomba lilitokea pale kwenye kina cha sentimita 45. Shimo lilikuwa mita 15 kutoka kona ileile. Siku ya kwanza, kabla sijagusa sululu, niliuliza: shimoni bomba litaingia kwenye kina gani? Akanijibu palepale: "Sentimita 75." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Kutoka chooni hadi shimoni ni mita kumi na mbili. Kila mita mbili na nusu. Thelathini. Ongeza kwenye arobaini na tano."

Yeye aliishia darasa la saba. Andikeni alichokisema, neno kwa neno, kwa herufi, y ikiwa kina kwa sentimita na x umbali kutoka kona kwa mita:

y − 45 = 2.5(x − 3)

"Kutoka chooni hadi shimoni" ndiyo x − 3. "Kila mita mbili na nusu" ndiyo 2.5. "Ongeza kwenye arobaini na tano" ndiyo ile 45 iliyokaa upande wa y. Weka 15 mahali pa x: 15 toa 3 ni 12, mara 2.5 ni 30, na 45 ni 75. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Mlinganyo huu ni sentensi ya fundi.

Sasa iandikeni kwa njia yetu ya darasani. Fungueni mabano: y = 2.5x + 37.5. Ni mstari uleule na jibu ni lilelile. Lakini mkamateni fundi mmuulize: hiyo 37.5 ni nini? Ni kina cha bomba kwenye kona ya nyumba. Kwenye kona hakuna bomba. Kuna msingi wa mawe. Tumemchukua mtoto kutoka kwenye nukta aliyoiona kwa macho, tukampeleka kwenye nukta isiyokuwepo, halafu tunashangaa anaposema hisabati haina maana.

Kuna mwalimu ataniuliza: mbona bomba linashuka lakini mwinamo wako ni chanya? Swali zuri. Kwa kuwa tulihesabu kina kwenda chini, chini ndiko kulikokuwa kuongezeka. Tungehesabu kimo kwenda juu, m ingekuwa hasi. Alama ya m inategemea umekubaliana na nani kuhusu upande upi ni wa kuongezeka, na makubaliano hayo yafanywe kwa sauti kabla ya kuandika chochote. Nimeona wanafunzi wazuri kabisa wakikosa hesabu nzima kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo.

Nije kwenye mlinganyo wenyewe unakotoka, kwa kuwa hapa ndipo tunapowanyima watoto kitu kitamu zaidi.

Mtoto wa kidato cha kwanza anajua mwinamo ni badiliko la y ukigawanya kwa badiliko la x. Ana nukta mbili, anatoa, anagawanya, anapata m. Sasa mwambie: nukta moja iache palepale, iite (x₁, y₁). Ya pili iachie huru itembee kwenye mstari, iite (x, y) tu. Popote itakapokwenda, ili mradi haijatoka mstarini, ukigawanya (y − y₁) kwa (x − x₁) utapata m ileile, haibadiliki kamwe. Huo ndio unyoofu. Mstari umenyooka kwa sababu kila hatua yake ina mwinamo mmoja, kama ubao wa baba mdogo ulivyotoa povu katikati kila mita.

Kwa hiyo mlinganyo tayari mtoto anao! Ni fasili ya mwinamo iliyoachiwa nukta moja itembee. Kilichobaki ni kuzidisha pande zote kwa (x − x₁) ili sehemu iondoke. Wengi tunasema tunazidisha ili "ionekane vizuri." Hapana. Kuna sababu ya kweli, nami naiona nzuri sana, kwa hiyo niruhusuni nikae hapo kidogo.

Iacheni kama sehemu. Halafu ile nukta inayotembea irudi nyumbani, ikae juu ya nukta yetu ya mwanzo. x inakuwa x₁, y inakuwa y₁. Kiasi ni sifuri na asili ni sifuri. Sifuri kwa sifuri haina jibu. Maana yake ni kwamba mlinganyo ulioandikwa kama sehemu unaikataa nukta ileile uliyoijengea. Mstari umetobolewa tundu mahali pa pekee tulipokuwa na hakika napo! Ukizidisha, unapata y − y₁ = m(x − x₁), na sasa nukta inayotembea ikirudi nyumbani inakuta sifuri ni sawa na m mara sifuri. Sifuri sawa na sifuri. Inapokelewa, na tundu limezibwa. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa kabla sijaliona hili, na nililiona siku mwanafunzi aliponiuliza kwa nini tunahangaika kuzidisha. Tangu siku hiyo silipiti tena haraka.

Na ukishauelewa hivyo, hofu nyingine inaondoka yenyewe. Mtoto mwenye nukta mbili huuliza: "Mwalimu, nitumie ipi?" Anaogopa, kwa sababu anadhani moja ni ya kweli na nyingine ni mtego. Chukueni bomba letu. Nukta ya chooni ni (3, 45), ya shimoni ni (15, 75). Ukitumia ya shimoni unapata y − 75 = 2.5(x − 15). Haifanani kabisa na ile ya kwanza. Ifungueni: 2.5 mara 15 ni 37.5, na 75 toa 37.5 inabaki 37.5. y = 2.5x + 37.5. Ni ileile. Ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani kwako. Unaweza kuanzia sokoni au kuanzia msikitini, maneno yatakuwa tofauti, lakini mlango atakaobisha ni mmoja. Hapo y = mx + c inafanya kazi yake ya haki: inatuambia kama milinganyo miwili inayotofautiana sura ni mstari mmoja. Siichukii. Naomba tu ije mwisho, kama njia ya kuhakikisha, isije mwanzo kama kizuizi.

Nimetaja herufi m, na najua kuna mkono utainuliwa kuuliza kwa nini m. Hakuna anayejua kwa hakika. Husemwa kwamba inatokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kupanda, lakini ushahidi wa hilo haujapatikana, na Wafaransa wenyewe shuleni huandika a. Ndiyo maana ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa Burundi au Kongo mara nyingi huandika y = ax + b pale sisi tunapoandika y = mx + c. Mstari haujali.

Ila mtaniruhusu niseme neno kuhusu Mfaransa mmoja, kwa sababu alinifanya nimfikirie upya baba yangu mdogo. Gaspard Monge alizaliwa Beaune mwaka 1746, baba yake mfanyabiashara tu wa kawaida. Akili yake na mkono wake wa kuchora vikampeleka kwenye shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières, akawa mwalimu pale. Kazi ya wahandisi wale ilikuwa ngome, na ngome ni udongo: unachimba hapa, unajaza pale. Mwaka 1781 Monge aliandika kazi kuhusu swali hilohilo, udongo wa kuchimba na udongo wa kujaza: uuhamishe vipi kutoka mashimo haya kwenda matuta yale kwa jasho dogo kabisa? Kazi hiyo ilichapishwa 1784, na humo ndimo mlinganyo wa mstari kwa nukta na mwinamo ulipoandikwa waziwazi kama tunavyouandika leo.

Mfaransa mwingine, Descartes, aliyeonyesha jinsi ya kuandika mistari kwa milinganyo, alikuwa amekwishachapisha jiometri yake mwaka 1637. Ilichukua karibu miaka 150 baada yake kwa mlinganyo huu mdogo kuandikwa hivyo, na ulipokuja ulikuja ndani ya andiko la kuchimba udongo. Mimi sikushangaa. Mtu anayechimba ana kigingi mahali fulani na ana mwinamo anaoutaka.

Turudi darasani, kwenye makosa. Kosa kubwa kuliko yote hapa ni la alama. Mpeni mtoto nukta (−4, −2) na mwinamo wa 3. Mlinganyo unaanza y − (−2) = 3(x − (−4)), ambao unakuwa y + 2 = 3(x + 4). Wengi wataandika y − 2 = 3(x − 4), wakazimeza zile hasi mbili. Na ukiwageuzia, ukawapa y + 2 = 3(x + 4) na kuwauliza mstari unapita nukta gani, watajibu (4, 2). Tumezoea kuwafokea: "Alama! Angalia alama!" Haisaidii. Mimi siku hizi nauliza swali moja tu: x iwe ngapi ili mabano yawe sifuri? Mtoto anafikiri. Hasi nne. Na y iwe ngapi ili upande wa kushoto uwe sifuri? Hasi mbili. Basi hapo ndipo nyumbani, pale pande zote mbili zinapokuwa sifuri. Akishaijua nukta kuwa mahali ambapo hujasogea bado, wala juu wala pembeni, alama inajipanga yenyewe. Anachopima katika mabano ni umbali kutoka nyumbani.

Wazo hilo la umbali kutoka nyumbani lina manufaa hata nje ya darasa. Wapo humu wenye ndugu Marekani. Dada anakupigia usiku, anasema mtoto ana homa, kipimo kinasoma 102. Unashtuka, kwa sababu huku kwetu kipimo kikisoma 102 maji yamekwishachemka. Wao wanatumia Farenhaiti. Shuleni tulifundishwa zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, ongeza 32, na 32 hiyo ni kwa sababu maji huganda kwenye 32 ya kipimo chao. Lakini mtoto mwenye homa hayuko karibu na barafu. Anzieni kwenye mwili mzima: nyuzi 37 zetu ni 98.6 zao. Kila nyuzi yetu moja ni 1.8 zao. Basi:

F − 98.6 = 1.8(C − 37)

Homa ya 39 ni nyuzi mbili juu ya kawaida, mara 1.8 ni 3.6, kwa hiyo 102.2. Dada yako mtoto wake yuko karibu na 39. Unajua la kumwambia, na umelijua kichwani kabla hajamaliza kueleza. Celsius mwenyewe, kipimo chake cha mwaka 1742 alikiweka kinyume, sifuri kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu. Wenzake ndio waliokigeuza baadaye. Kwa kipimo chake cha asili mwinamo huu ungekuwa hasi, na hesabu ingefanyika vilevile, ukianzia nukta unayoijua.

Nyinyi wa kidato cha tano na cha sita mnaokwenda kwenye kalkulasi, hapo ndipo mtakapoona kwamba huu mlinganyo haukuwa wa watoto. Mtachukua mstari uliopinda, mtasimama kwenye nukta yake moja, mtatafuta mwinamo wa pale pale, na mtaandika mstari mnyoofu unaougusa. Mtaandika kwa sura ipi? Hii hii, maana nukta mnayo na mwinamo mmeshaupata. Jaribuni kipeuo cha pili cha 50 bila kikokotoo. Simameni kwenye 49, ambako kipeuo ni 7 kamili. Mwinamo wa pale ni moja kwa kumi na nne. Kutoka 49 hadi 50 mmesogea 1, kwa hiyo mnaongeza moja ya kumi na nne: 7.0714. Jibu lenyewe ni 7.0711. Kwa kipande cha karatasi na nukta iliyochaguliwa vizuri mmekosea kwa kiasi kisichofika hata moja ya elfu.

Nisiwafiche: kuna mstari ambao njia hii haiuwezi. Ukuta. Mstari uliosimama wima hauna mwinamo, kwa sababu x haisogei na huwezi kugawanya kwa sifuri. Kwa huo mnaandika x = 4, au namba yoyote iliyopo, basi. y = mx + c nayo haiuwezi, kwa hiyo hapo hazizidiani.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni moja, na naliomba kwa moyo wote. Mtoto akiandika y − 5 = 2(x − 3) na swali halikumtaka sura nyingine, mpeni alama zake zote. Nami nilikuwa nakata. Kuna binti niliyemkata alama mbili kwa kuishia hapo, akaja na daftari mezani kwangu, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, nimeweka nukta zote mbili ndani, zote zinakubali. Kosa liko wapi?" Nilimwambia hakumaliza. Nilipobaki peke yangu nikaziweka nukta zile mwenyewe, zikakubali. Mlinganyo ambao nukta zote za mstari zinaukubali, na za nje zinaukataa, umekamilika. Kesho yake nilimrudishia alama zake mbele ya darasa, kwa sababu nilimkata mbele ya darasa.

Sasa tutoke nje, maneno yametosha.

Mmeona pale kwenye darasa la mwisho kuna kizingiti kirefu. Mwakani tunatarajia kumpokea mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, na wazazi wamejitolea mchanga na saruji. Njia ya kiti cha magurudumu hutakiwa isizidi mwinamo wa moja kwa kumi na mbili. Itapita sambamba na ukuta. Vijana wa kidato cha kwanza wameshapima: sakafu ya mlangoni iko sentimita 36 juu ya ardhi, na pale njia itakapoanzia ni sentimita 150 kutoka kona ya jengo. Ardhi pale ni tambarare. Tangi la maji liko mita 7 kutoka kona ileile, na swali ni kama njia itaishia kabla ya tangi.

Nukta tunayo, mwinamo tunao, na mara hii tunahesabu kimo kwenda juu, kwa hiyo ni hasi:

y − 36 = −(1/12)(x − 150)

Njia inagusa ardhi pale y ilipo sifuri. Hasi 36 ni sawa na hasi moja ya kumi na mbili ya umbali kutoka mlangoni, kwa hiyo umbali huo ni 36 mara 12, sentimita 432. Ukijumlisha na 150 unapata 582. Inaingia, na kabla ya tangi inabaki zaidi ya mita moja.

Kigingi cha kwanza kiko mlangoni. Nani ana futi? Cha pili kinakwenda sentimita 582 kutoka kona, na uzi tuuvute kuanzia juu pale kwenye kizingiti.